Mlo wa Yerusalemu kwa Mtu wa Boito

Leo nazungumzia chakula cha Israeli, na msinishangae kuileta mada hii hapa Boito, katika nchi ya chai ya Wakipsigis. Wanaotoka huku kwenda huko si haba. Wako mahujaji wanaosafiri na wachungaji wao kwenda kuona Yerusalemu, Nazareti na Ziwa la Galilaya. Wako vijana waliosomea kilimo ambao hupelekwa katika Bonde la Arava, jangwani kusini, wakajifunze ukulima wa maji machache. Tena mwishoni mwa mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kupeleka vibarua 1,500 wa mashambani. Wote hawa, kabla ya kupanda ndege, hupewa ushauri ule ule: beba unga, kula hotelini tu, usiguse cha barabarani. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini mimi naupinga. Chakula cha nchi ile kinabeba sababu zake waziwazi, sababu za sheria, za uhamiaji na za udongo, na msafiri anayekikwepa amekwepa sehemu kubwa ya kile alichokiendea. Naongeza jingine: mtu aliyelelewa katika nyumba ya Kipsigis ana maandalizi mazuri kuliko Mzungu wa London, kwa maana sharti kuu la meza ya Kiyahudi liliwahi kuwa sharti la nyanya yake.

Sharti lenyewe ni hili: maziwa na nyama havikai pamoja. Torati inakataza mara tatu, mara mbili katika kitabu cha Kutoka na mara moja katika Kumbukumbu la Torati, mwana-mbuzi asitokoswe katika maziwa ya mama yake. Kutokana na katazo hilo walimu wa Kiyahudi walijenga utaratibu mzima: vyombo vya nyama mbali na vyombo vya maziwa, na baada ya kula nyama mtu asubiri kabla ya kunywa maziwa. Wengi husubiri saa sita. Jamii zilizotoka Ujerumani huhesabu saa tatu, na za Uholanzi hutosheka na saa moja. Kuku naye huhesabiwa kuwa nyama. Hoteli zinazofuata sheria hiyo, yaani hoteli za kosher, hutenga milo: asubuhi ni maziwa, jioni ni nyama. Hapo ndipo msafiri wetu hukwama. Amemaliza kipande chake cha ng'ombe saa mbili usiku, anaomba chai ya maziwa, anaambiwa haipo. Hufikiri amenyimwa kwa dharau. Hakunyimwa na mhudumu, amenyimwa na sheria. Huletewa maji ya moto, mfuko wa majani ya chai na pengine tawi la nanaa, na hiyo ndiyo chai ya usiku ule. Majani yetu ya Kenya mengi husagwa kiwandani yawe makali ili yastahimili maziwa, kwa hiyo aliyejibebea yake asiyaache majini muda mrefu akiyanywa kavu.

Sasa mkumbuke desturi ya huku. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyeandika kitabu juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, alirekodi kwamba nyama na maziwa havikuliwa pamoja, na kwamba aliyekula nyama alisubiri ndipo anywe maziwa. Wakipsigis ni ndugu wa Wanandi kwa lugha na kwa mila, na wazee wa huku hawahitaji kitabu kuthibitisha hilo. Sababu ya wafugaji ilihusu ng'ombe mwenyewe: aliyechanganya vitu hivyo viwili alidhaniwa kumletea madhara mnyama aliyemlisha. Najua mahali ambapo baadhi yenu mmeshafika. Mnasema: basi masimulizi ya wazee kwamba tulitoka Misri ni kweli, na sisi ni kabila mojawapo lililopotea. Polepole. Wamasai nao wana katazo la namna hiyo, na ukianza kuhesabu kila mfugaji mwenye mwiko wa maziwa kuwa Mwisraeli aliyepotea, makabila kumi hayatatosha. Kufanana huku hakuthibitishi damu. Kunaonyesha tu kwamba watu walioishi kwa kumtegemea mnyama mmoja, anayewapa nyama akifa na maziwa akiwa hai, walilazimika kuweka mpaka kati ya uhai wake na kifo chake. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito kuliko ukoo wa kubuni, kwa sababu linampa mtu wa Boito uwezo wa kuelewa meza ya kigeni bila kuidai kuwa yake.

Kwa kuwa nyama imeondolewa asubuhi, kifungua kinywa ndicho mlo wa Israeli ninaouweka mbele ya yote. Asili yake ni kibbutz, yale mashamba ya ushirika ambamo watu waliamka gizani, wakafanya kazi kabla jua halijawa kali, kisha wakarudi pamoja kwenye ukumbi wa chakula wakiwa na njaa ya kweli. Mezani kulikuwa na kilichotoka shambani humo humo: matango, nyanya, mayai, jibini, mtindi, zeituni na mkate. Hoteli zikauchukua mlo huo wa vibarua zikaufanya fahari yake. Mchuma chai anayeingia shambani umande haujakauka ataelewa mara moja kwa nini mtu alihitaji saladi ya nyanya na mayai saa tatu asubuhi. Katika meza hiyo tafuteni labneh. Ni maziwa yaliyogandishwa kisha yakachujwa kwa kitambaa mpaka maji yakatoka na kubaki uji mzito mchachu, unaomiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa zaatari, jani la mlimani lililokaushwa na kuchanganywa na ufuta. Anayejua mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ataonja uchachu anaoufahamu na kukosa ladha ya moshi. Asiseme hii haijaiva. Mkaa wa mti wa senetwet haupo kule; kuna zeituni. Kila nchi huhifadhi maziwa kwa mti ilio nao.

Sababu ya pili ya chakula kile ni Sabato, na hapa msafiri asiyejua hulala njaa. Tangu Ijumaa alasiri hadi Jumamosi giza likiingia, katika Yerusalemu ya Wayahudi mikahawa ya kosher hufungwa, mabasi hukoma na moto mpya hauwashwi. Watu walioamriwa wasipike siku moja katika saba, na bado wanataka chakula cha moto, wakabuni sufuria inayolala motoni. Hamin ni maharagwe, shayiri, viazi, nyama na mayai yanayowekwa Ijumaa kabla ya jua kuzama na kuachwa juu ya moto hafifu hadi mchana wa kesho yake. Mayai hutoka yakiwa na rangi ya kahawia hadi ndani. Wayahudi wa Yemen, ambao karibu 49,000 kati yao walisafirishwa kwa ndege mwaka 1949 na 1950, walikuja na jachnun: unga wa ngano uliokandwa, ukatandazwa mwembamba, ukapakwa mafuta, ukakunjwa na kuokwa usiku kucha. Huliwa na nyanya zilizoparuzwa, yai la kahawia na pilipili ya dania mbichi. Mpishi wa chapati atatambua mkono uleule wa kupaka na kukunja, ingawa moto ni mwingine. Walio na Waadventista katika familia zao wanajua Ijumaa ya kupika kwa ajili ya Jumamosi. Kule jamii nyingi za Kiyahudi hupika kwa utaratibu huo. Na anayekwenda wakati wa Pasaka ya Wayahudi ajue mapema kwamba kwa juma zima mkate uliotiwa chachu hutoweka katika hoteli za kosher, na badala yake utapewa mkate mkavu, mwembamba, unaovunjika kama kigae. Mahujaji wengi huipanga safari yao majira hayo hayo, kisha hulalamika kuhusu mkate, ilhali wamesoma habari zake tangu shule ya Jumapili.

Nimetaja Yemen kwa makusudi, kwa sababu hakuna kitu kinachoweza kuitwa kwa urahisi chakula cha Israeli pasipo kutaja nchi nyingine. Mwaka 1950 na 1951 Wayahudi zaidi ya 120,000 walihama Iraki, na katika mizigo yao mkawa na desturi ya kula biringanya za kukaanga na mayai asubuhi ya Sabato, kwa kuwa biringanya zilikaangwa Ijumaa na kuliwa baridi. Mlo huo sasa hutiwa ndani ya mkate wa pita, huitwa sabich, na huuzwa barabarani pamoja na amba, achari ya embe iliyofika Baghdad kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Mtu wa Mombasa hatahitaji kuelezwa amba. Wayahudi wa Tunisia na Libya walileta shakshuka, mayai yaliyovunjwa juu ya rojo la nyanya na pilipili. Miaka ya mwanzo ya taifa ilikuwa ya mgao, mchele ukawa adimu, na serikali ya waziri mkuu Ben-Gurion ikaiomba kampuni ya Osem itengeneze kitu cha ngano kitakachoshika nafasi ya wali. Zikatokea ptitim, punje za tambi zilizookwa, ambazo watoto huzila hadi leo wasijue zilizaliwa na uhaba. Na wako waliotoka ukanda wetu huu. Mei 1991, kwa muda usiotimia saa 36, Wayahudi zaidi ya 14,000 walihamishwa kutoka Addis Ababa. Kwa sababu yao injera ya teff yapatikana Tel Aviv na miji mingine, ila katika mkahawa wa kosher mchuzi wa kuku utapikwa kwa mafuta ya mimea, wala si siagi ya viungo kama ilivyo Addis. Tena nusura Wayahudi wenyewe waje huku kwetu: mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa ardhi ya Uasin Gishu. Wakaguzi wao walikuja kuitazama, na mwaka 1905 mkutano mkuu wao ukaikataa. Kama wangeikubali, sijui mursik na hamin zingepatanishwa vipi katika jikoni la Eldoret, na wenye ardhi hawakuwa wameulizwa.

Hapo pana pingamizi zito, na halifai kupitwa mbiombio. Watu watasema: hummus, falafel, zaatari na labneh ni vya Waarabu, Wapalestina walivila kabla ya mwaka 1948, na kuviita vya Israeli ni kuwanyang'anya hata sahani. Kwa sehemu kubwa wanasema kweli. Falafel, kwa maelezo ya wengi, ilianzia Misri, ikitengenezwa kwa maharagwe mapana. Kaskazini zaidi ikawa ya dengu, dengu hiyo hiyo inayotoa unga wa bajia. Hummus ni dengu iliyochemshwa na kupondwa pamoja na ufuta uliosagwa, limau na kitunguu saumu, na imeliwa Shamu nzima kwa vizazi vingi. Zaatari ya mwituni ina kesi yake: mwaka 1977 Israeli iliuweka mmea huo katika orodha ya mimea inayolindwa, na familia za Kiarabu zilizokuwa zikiuchuma milimani zikajikuta zinavunja sheria. Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu nao wana jibu: hawakuja kuiba vyakula hivi, walivikuta katika nyumba za mama zao huko Baghdad na Sana'a. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Ila msafiri hatakiwi kuwa hakimu ndipo ale. Anatakiwa ale pande zote na amtaje kila mpishi kwa nchi yake. Nazareti, ambako kila hujaji wa Kenya hufika, ni mji mkubwa wa Waarabu ndani ya Israeli. Bethlehemu iko chini ya Mamlaka ya Palestina. Kuingia Kanisa la Kuzaliwa, kuinama mlangoni, kisha kurudi basini ukale tambi za hoteli, ni kuwapita wenyeji wa mji wakiwa jikoni. Katika miji hiyo ombeni musakhan, kuku aliyeokwa na vitunguu vingi na unga mwekundu mchachu wa sumac juu ya mkate ulionyonya mafuta ya zeituni. Ombeni maqluba, sufuria ya wali, mboga na nyama inayopinduliwa mezani. Kwa wapenda tamu kuna knafeh, jibini ya moto chini ya nyuzi za unga na shira, ambayo sifa yake iko Nablus. Hummus nzuri huliwa asubuhi; vibanda vingi hufunga mchana sufuria ikiisha, na hilo ni dalili njema.

Kule Galilaya mahujaji huuziwa samaki wa Mtakatifu Petro. Ni tilapia. Wazee wa Kipsigis hawakuwa walaji wa samaki, lakini wajukuu wao wanamla Kericho mjini akitoka Kisumu, na watashangaa kumkuta yule yule, au binamu yake wa karibu, akikaangwa Tiberia na kuletwa na limau. Jina linatokana na habari ya Petro kupata sarafu katika kinywa cha samaki, na hadithi ilishikamana na tilapia labda kwa kuwa hubeba mayai na vifaranga vyake kinywani. Wajuzi wa uvuvi wa ziwa lile wanatilia shaka: samaki huyu hula vijimea vidogo vya majini na si mwepesi wa kushika ndoana, na Petro alitupa ndoana. Aidha, wengi wa wanaokaangwa siku hizi hufugwa katika mabwawa. Mleni, ni mtamu, ila msimlipie bei ya muujiza.

Ushahidi wa Maandiko wenye nguvu zaidi uko sokoni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, hutaja mazao saba ya nchi ile: ngano, shayiri, mzabibu, mtini, komamanga, zeituni na asali. Yote yanauzwa hadi leo katika soko la Mahane Yehuda, Yerusalemu. Hapo kwenye asali pana mjadala mtamu. Wafasiri wengi husema asali ya orodha hiyo ni ya tende, rojo jeusi liitwalo silan, kwa kuwa mengine sita ni mimea. Lakini mwaka 2007 Profesa Amihai Mazar wa Chuo Kikuu cha Kiebrania alitangaza kwamba huko Tel Rehov, katika bonde la Mto Yordani, wamefukua mizinga ya nyuki iliyopangwa safu safu, ya miaka kama 3,000. Iliyokuwa imesalimika ilikuwa yapata 30. Ilifinyangwa kwa udongo na majani makavu, mirefu na ya mviringo, ikalazwa. Upande mmoja tundu la nyuki, upande mwingine kifuniko cha mfugaji. Anayetundika mizinga kandokando ya msitu wa Mau angeijua kazi ile bila mkalimani. Basi onjeni zote mbili, ya tende na ya nyuki, halafu mrudi kwenye sura hiyo na swali lenu wenyewe.

Yapo mapingamizi mepesi. Gharama: Israeli ni nchi ya bei kali, sikatai, lakini kibanda cha falafel ndicho kinachookoa mfuko, na mahujaji wanaoogopa barabara hulipa zaidi hotelini. Tumbo: dengu nyingi siku ya kwanza zitakuletea kelele, anza kidogo. Ugali: yuko asemaye hajala mtu asiyekula kimyet. Kijana atakayekaa Arava mwaka mzima na abebe unga, simlaumu. Hujaji wa siku chache hatakonda. Vita ni jambo jingine kabisa. Tangu vita vya Israeli na Gaza vilipoanza Oktoba 2023 safari nyingi zilikatizwa, watu wengi mno wamekufa, na huko Gaza njaa si mada ya kuonja. Anayesema huu si wakati wa kuzungumzia vyakula vya kule namwelewa. Namjibu tu kwamba watu wetu wanaendelea kwenda, wengine kwa mkataba wa kazi, na anayekwenda ni heri ajue nani amempikia na kwa sababu gani.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonikera, kwa sababu ni la haki: kwa nini tusifie jibini ya watu ilhali mgeni kutoka Haifa akilala hoteli ya huku asubuhi huletewa soseji na mkate wa toast? Naam. Kifungua kinywa cha kibbutz hakikuingia hotelini kwa bahati. Mtu aliamua kwamba mlo wa vibarua unafaa kuwekewa mgeni. Sisi kwa mursik tunawapokea wanariadha uwanja wa ndege wa Eldoret mbele ya kamera, kisha tunaificha mgeni anayelipa akifika mezani. Wenye hoteli za Kericho na Bomet wana maziwa, wana wanawake wanaojua kusafisha kibuyu, na wana wageni wanaokuja kutazama mashamba ya chai. Iwekwe mezani asubuhi, katika sotet, yaani kibuyu chake, karibu na chai. Na mgeni akiuliza kwa nini maziwa haya yana rangi ya majivu, mhudumu asikimbilie jikoni kuuliza: amtajie senetwet, amweleze jinsi tawi linavyochomwa na mkaa wake kusuguliwa ndani ya kibuyu, na kama mgeni huyo anashika kosher, amhakikishie kwamba soseji iko meza ya mbali.